Kumhudumia Mtu Aliyenaswa na Kamari: Maswali na Majibu kwa Mshauri Nasaha

Washauri nasaha wengi hufunzwa kwanza kuhusu pombe na dawa za kulevya. Wanapompokea mteja wao wa kwanza aliyenaswa na kamari, hukuta mtu asiyenuka pombe, asiyetetemeka mikono, na ambaye hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumfichua. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayefikiria kuingia katika kazi hii.

Je, uraibu wa kamari ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu?

Ni ugonjwa unaotambulika. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980, kikauweka pamoja na matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, na mwaka 2013 kikauhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo limeuorodhesha katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022.

Mwongozo huo wa Marekani una vigezo 9, na anayetimiza angalau 4 katika kipindi cha miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Miongoni mwake ni kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kukosa utulivu anapojaribu kuacha, kurudi siku nyingine kukomboa pesa zilizoliwa, kuwadanganya watu wake, na kutegemea wengine wamtoe kwenye shida za pesa. Kigezo cha kutenda uhalifu kiliondolewa mwaka 2013, lakini mshauri asiache kuuliza kuhusu pesa za mwajiri au za kikundi zilizochukuliwa, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo siri inayomnyima mteja usingizi.

Anayekuja kwanza kutafuta msaada huwa ni nani?

Mara nyingi si mchezaji mwenyewe bali ni mke, mume, mzazi au ndugu. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mtu mmoja mwenye tatizo kubwa la kamari huwaathiri watu wengine wapatao 6. Watu hao ni wateja kamili, hata kama mchezaji hatakanyaga ofisini, na ni kosa kuwageuza wapelelezi wa kumletea mshauri habari. Mke aliyegundua juzi kwamba akiba ya familia imekwisha anahitaji kusikilizwa kwa ajili yake mwenyewe: analala vipi, anakula, ana nani wa kumweleza, na je, yuko salama nyumbani, kwa kuwa kamari na ukatili wa kifamilia huandamana mara nyingi. Baada ya hapo anahitaji hatua za kulinda mali, kama vile kutenga akaunti yake, kubadilisha nywila na namba za siri, kuhifadhi hati za nyumba au kiwanja mahali pengine, na kutosaini udhamini wa mkopo wowote.

Ni swali gani lisilopaswa kusubiri kikao cha pili?

Swali la kujiua. Hatari ya kujiua kwa watu wenye uraibu wa kamari ni kubwa kuliko ilivyo kwa watu wengine, na nyakati za hatari zaidi ni pale hasara kubwa inapotokea au siri ya deni inapofichuka. Liulizwe waziwazi, bila kuzungukazunguka: “Umewahi kufikiria kujiua? Umefikiria namna ya kufanya? Hicho kitu unacho?” Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa.

Mshauri asimchunguze tu anayelia. Kuna mteja anayeeleza kwa utulivu kabisa kwamba yeye akifa madeni yatakufa naye na familia itapumua, kana kwamba anasoma hesabu za duka. Utulivu wa namna hiyo unatisha kuliko machozi. Mtu mwenye mpango asiachwe peke yake. Dawa, sumu au silaha iliyo karibu naye iondolewe, mtu wake wa karibu aitwe, na apelekwe kwa huduma ya dharura ya afya ya akili siku hiyohiyo.

Je, familia imlipie deni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huwa ni hapana, ila si hapana ya jumla. Deni lote linapolipwa kwa mkupuo, mteja hupata nafuu ya siku chache, uwezo wake wa kukopa unarudi, na kilichomsukuma kwenye kamari bado kipo palepale. Zaidi ya hayo, anajifunza kwamba hasara ina mwisho usiomgharimu yeye. Hata hivyo, familia isiache watoto wafukuzwe shule au nyumba ifungwe kwa sababu ya msimamo. Kodi na ada zilipwe, lakini zipelekwe moja kwa moja kwa anayedai, zisipitie mkononi mwa mteja. Deni linaloambatana na vitisho vya kupigwa lishughulikiwe kwanza kama suala la usalama.

Kabla ya kuamua lolote, madeni yaandikwe: nani anadai, kiasi gani, riba ipi, lini linaiva, na kimewekwa nini rehani. Mshauri mzoefu huacha mistari kadhaa mitupu chini ya karatasi na kusema, “Hii ni ya yale utakayoyakumbuka wiki ijayo.” Mistari hiyo hujaa. Aibu humfanya mtu ataje deni kwa mafungu, na anayejua kwamba nafasi imeachwa haoni kama amenaswa akidanganya. Mazungumzo na wadai kuhusu kuongeza muda wa malipo yafanywe kwa msaada wa mtu anayejua sheria na hesabu za mikopo, na mshauri asimkopeshe mteja wala asimtunzie pesa, hata kwa siku moja.

Mteja anasema yeye hachezi kwa bahati, anaujua mpira. Nimjibu nini?

Usibishane naye kuhusu mpira. Huenda anaujua kuliko wewe. Mwombe alete mkeka wake wa mwisho uliochanika, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja iliyoshindwa, kaeni chini mpige hesabu pamoja. Tuseme una mechi 10, na kila chaguo lake lina uwezekano wa asilimia 60 wa kutimia, kiwango ambacho yeye mwenyewe atakikubali. Ili mkeka utiki, zote 10 lazima zitimie, na hilo hutokea takribani mara 6 katika kila mikeka 1,000. Kutimia 9 na kukosa moja tu hutokea takribani mara 40 katika hiyo 1,000. Maana yake ni kwamba mkeka wa “timu moja imeniangusha” ni jambo la kawaida, na humjia zaidi ya mara 6 kwa kila ushindi mmoja, ilhali yeye huusoma kama ishara kwamba amekaribia. Kukosa kidogo namna hii humchochea mtu kuendelea ingawa mfukoni ni hasara kama hasara nyingine.

Kosa la pili ni kuamini kwamba baada ya kuliwa mara nyingi zamu ya kushinda imefika. Katika kasino ya Monte Carlo, mwezi Agosti 1913, gurudumu la ruleti, mchezo wa kubashiri rangi au namba, liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi kwa kurundika dau kwenye nyekundu wakidhani zamu yake imefika. Gurudumu halikumbuki lilikoangukia. Mazungumzo ya aina hii ni sehemu ya tiba ya kubadili fikra na tabia, ambayo ina ushahidi mzuri katika uraibu wa kamari, lakini hayamponyi mtu yakisimama peke yake. Wapo wanaoijua hesabu vizuri sana na bado wanabeti.

Nini kifanyike wakati mazungumzo bado hayajazaa matunda?

Njia ya pesa kwenda kwenye kamari izibwe mapema. Mteja ajifungie mwenyewe akaunti zake kwa kampuni za kubashiri pale utaratibu huo ulipo, aweke programu ya kuzuia tovuti za kamari kwenye simu, azuie ujumbe wa ofa, na kwa muda maalumu mshahara usimamiwe na mtu anayemwamini, kwa makubaliano yaliyoandikwa na yeye mwenyewe akayakubali. Kulazimishwa huzaa maficho mapya.

Kuna dawa ya kuitibu?

Hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa uraibu wa kamari, ingawa daktari anaweza kufikiria naltreksoni, dawa inayotumika katika uraibu wa pombe, kwa baadhi ya wagonjwa. Sonona na ulevi vinavyoambatana na kamari vitibiwe. Muulize pia mteja dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole na ropinirole, pamoja na aripiprazole inayotumika katika magonjwa ya akili, zinaweza kuamsha hamu ya kamari isiyozuilika. Asiziache kwa uamuzi wake. Arudi kwa daktari aliyemwandikia.

Mke akipiga simu kuuliza kama mumewe alihudhuria, nijibu?

Usijibu ila kwa idhini ya mteja, na idhini hiyo iombwe kikao cha kwanza, ikieleza nani ataambiwa nini. Hatari ya uhai ndiyo inayovunja mpaka huo, na mteja aambiwe hivyo tangu mwanzo. Ukiwahudumia wote wawili, eleza mapema kwamba hutatunza siri ya mmoja dhidi ya mwenzake, au, ambalo naliona bora, mpe kila mmoja mshauri wake.

Akirudia kucheza baada ya miezi ya kuacha?

Kurudia ni jambo la kawaida, wala si sababu ya kufunga jalada. Kaa naye mfuatilie siku hiyo saa kwa saa: pesa iliingia lini, alikuwa wapi, na nani, ujumbe gani uliingia kwenye simu, alijiambia nini kabla ya dau la kwanza, na nini kilimsimamisha. Pima vilevile muda aliokaa na siri hiyo, kwa maana anayesema baada ya siku mbili ana tofauti kubwa na yule aliyekuwa akificha kwa nusu mwaka. Uliza upya swali la kujiua. Kisha sogeza karibu tarehe ya kikao kijacho, ikiwezekana siku moja kabla ya mshahara, na mpitie upya mpango wa kuzuia pesa kuanzia pale ulipopenywa.