Anayecheza bao kiangazi si mvivu

Wageni wengi wa Dodoma wamerithi dhana kwamba wazee wanaocheza bao kivulini kiangazi ni wavivu. Wangetazama mvua kwanza. Huku msimu ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili; kulima, kupalilia na kuamia ndege kwenye uwele na mtama hubanana humo. Baada ya mavuno kazi za shamba hupungua, ingawa kuchunga na kuteka maji hakuna likizo (waulizeni akina mama). Nafasi hiyo ndiyo iliyolea ngoma ya muheme, zeze na marimba ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, muziki uliomfikisha mwanamuziki Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya Ulaya. Mwajiriwa naye ana likizo ya siku 28 kwa mwaka kisheria, na hakuna anayemwita mvivu.