Taa ya injini inazimwa halafu inarudi: inamaanisha nini hasa

Ile taa ya njano ya injini kwa dashibodi, Nairobi wengi tunaichukulia ni kitu cha kuzimwa tu. Unaenda kwa makanika, anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma, anafuta, unalipa unaenda zako. Wiki ijayo uko njiani kwenda ushago, unafika hapo Uplands, imewaka tena. Hapo mtu anaanza kusema mashine ya fundi ni feki.

Mashine mara nyingi haina shida. Gari ina kompyuta ya injini ambayo inapima vitu muda wote, joto la maji, hewa inayoingia, oksijeni iliyo kwa moshi unaotoka, vile kila silinda inachoma, na ikiona kitu kimetoka nje ya kiwango inaandika namba, hiyo ndio mafundi wanaita kodi. Kwa makosa mengi haiwashi taa siku ya kwanza. Inaweka hiyo kodi pembeni, na ikiona kosa lilelile safari inayofuata ndio inawasha. Ikimaliza safari tatu mfululizo bila kuliona inazima taa yenyewe, lakini kodi inabaki kwa kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa kama mara 40 hivi.

Sasa ukifuta, umefuta kumbukumbu peke yake, hakuna kitu umetengeneza. Tena unafuta pia matokeo ya vipimo, kompyuta inaanza upya kabisa, na hapa ndio watu wanadanganyika. Kuna vipimo vinafanyika kila wakati injini ikinguruma, lakini vingine vinataka hali fulani, mfano katalitiki (ule mtungi wa kusafisha moshi kwa ekzosi) inapimwa injini ikiwa imepata moto na gari inaenda mwendo wa kutulia. Kama maisha yako ni jam ya Jogoo Road asubuhi na jioni, hicho kipimo kinaweza kukaa siku nyingi bila kukamilika, taa imezima, wewe unajua gari imepona. Siku ukipata Thika Road imefunguka, kompyuta inapata nafasi ya kupima, taa hiyo. Gari haikuharibika siku hiyo, ilikuwa hivyo wakati wote.

Kitu kingine, kodi inasema kompyuta imeona nini, haisemi spea gani imekufa. Ni kama askari wa geti anakupigia simu ati kuna moshi unatoka kwa nyumba yako, yeye hajui ni sufuria imeungua ama ni waya. Chukua P0171. Maana yake ni hewa imezidi petroli kwa injini. Fundi mwenye haraka atakwambia sensa ya oksijeni imeenda, unatumwa Kirinyaga Road kuinunua, unafunga, taa inarudi, kwa sababu sensa ilikuwa inasema ukweli: labda mpira wa hewa umepasuka, labda sensa ya hewa imejaa vumbi, ama pampu ya petroli imechoka. Fundi makini ataangalia kwa mashine ile asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza ama kupunguza. Kama imepanda sana gari ikiwa imesimama inanguruma, halafu inashuka ukikanyaga mafuta mpaka injini ifike mizunguko 2,500 kwa dakika (RPM), hapo tafuta hewa inayoingia kwa ufa. Ikizidi kupanda ukikanyaga, angalia upande wa pampu, filta na sensa ya hewa. Hiyo kazi ni ya dakika chache na haihitaji kununua kitu.

P0301 mpaka P0304 ziko rahisi zaidi, ni silinda haichomi vizuri na namba ya mwisho inakwambia ni ya ngapi. Hamisha koili (ile inayopeleka umeme kwa plagi) ya silinda ya kwanza uweke ya pili. Kodi ikigeuka ikawa P0302, koili ndio mbaya. Ikibaki palepale, cheki plagi kwanza, na plagi feki ziko kibao mjini. Lakini kama taa inapepesa badala ya kukaa imewaka, hiyo usiendelee nayo hadi nyumbani: petroli ambayo haijachomeka inaingia kwa katalitiki, inaichoma, na bei ya hiyo sio ya koili. Punguza mwendo, weka gari kando.

Halafu kuna taa ambazo tunajiletea wenyewe hapa kwetu. Gari ilichemka siku moja, fundi akatoa thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwa rejeta mpaka injini ipate moto) akasema hii nchi ina jua haihitajiki. Injini haifiki joto lake, kompyuta inaandika P0128, na inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani bado ni asubuhi, wewe unalalamika gari inakunywa. Ukiwa kwa barabara kuu na mashine inaonyesha maji yako digrii 60 na kitu, thamostati haipo ama imekwama wazi. Irudishwe, halafu sababu ya kuchemka itafutwe kivyake. Katalitiki nazo watu wanazitoa wanauza, alafu wanashangaa P0420, ile kodi ya katalitiki kutosafisha vizuri, haitoki. (Ushauri wa kukaza kifuniko cha tenki umetoka sana kwa video za Marekani, huko magari yanapima mvuke wa petroli ukivuja. Kaza, ni bure, lakini gari nyingi zilizotengenezewa soko la Japan usitarajie miujiza.)

Hii habari ya vipimo inasaidia sana pia ukinunua gari mtumba, iwe yadi za Ngong Road ama kwa mtu binafsi. Taa kuwa imezima haitoshi. Beba kale kaskana ka Bluetooth ka kusomea kwa simu, angalia pale panapoonyesha vipimo vilivyokamilika. Kama vingi havijakamilika, kodi zimefutwa juzi ama betri ilitolewa, na muuzaji akikwambia ni betri mpya, mwambie akuonyeshe risiti halafu mwende naye raundi moja ndefu ya Southern Bypass kabla ya kuongea pesa.