Titaniamu haiozi, lakini fizi yake huugua

Wagonjwa wengi niliowawekea jino la kupandikiza hufurahi wakisikia kwamba titaniamu, chuma kinachokuwa mzizi wake, haiozi. Ni kweli, haiozi. Kinachougua ni fizi na mfupa unaolishika, na fizi hiyo ni dhaifu kuliko ya jino la asili, hata kama kwa macho zinafanana.

Mzizi wa jino la asili haugusani na mfupa. Kati yao kuna utando wa nyuzi, mwembamba usiofikia nusu milimita, uliojaa mishipa ya damu. Juu yake, nyuzi za fizi zimejichomeka ndani ya mzizi wenyewe. Bakteria wakitaka kushuka wanakutana na kizuizi.

Skrubu ya titaniamu hushikana na mfupa moja kwa moja. Mtafiti Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyeligundua hilo, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza huko Gothenburg, Sweden. Ila nyuzi za fizi haziwezi kujichomeka kwenye chuma. Hukizunguka tu, kama kola ya shati: imebana shingo, lakini haikushonwa nayo. Na kwa kuwa ule utando haupo, damu inayofika hapo ni kidogo.

Kwa hiyo ukoga ukikaa, fizi huvimba na kutoa damu. Hatua hii hutibika vizuri. Ukiachwa, uvimbe hushuka mfupani, na mfupa ulioliwa ni vigumu sana kuurudisha. Mara nyingi hakuna maumivu. Jino la asili hulegea likakuonya. La kupandikiza husimama imara hata mfupa wa juu ukiisha, kwa sababu chini bado limeshikwa.

Ndiyo maana sikuulizi tu kama linauma. Nachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, nakiingiza polepole kati ya fizi na jino, nakizungusha pande zote. Natazama kama damu au usaha unatoka, kisha nalinganisha kina na kile nilichoandika tulipomaliza kuweka taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana juu ya fizi. Kina kikiongezeka na damu ikatoka, tunapiga eksirei. Wakati mwingine chanzo ni gundi ya taji iliyobaki chini ya fizi.

Nyumbani, ninachosisitiza ni brashi ndogo za kupitisha katikati ya meno, zile ambazo waya wake umefunikwa plastiki. Wengi wakiona damu huacha kusafisha sehemu hiyo. Nawaomba sana, hapo ndipo pa kusafisha zaidi, kwa upole, kisha uje kliniki.

Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Na kama jino la asili la mgonjwa liling'oka kwa ugonjwa wa fizi, bakteria wale wale bado wamo kwenye meno yaliyobaki. Huyo simpandikizii kitu mpaka fizi zake zote zitibiwe na damu ikome, hata akinisihi kwamba harusi ya mwanawe ni mwezi ujao.