Bei ya Chupa Haionjwi: Dhana Zinazowagharimu Wanunuzi wa Mvinyo

"Nipe ule wa bei ya juu, nisije nikaaibika." Ombi hili nimelisikia kutoka kwa wajumbe wa kamati za harusi, kwa wanaomtafutia mkuu wao wa kazi zawadi na hata kwa wenye hoteli, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba bei hubaki kwenye karatasi ya chupa na haifiki kwenye ulimi. Ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hulipa zaidi na mara nyingi huondoka na mvinyo asioupenda.

Bei ya mvinyo hujengwa na mambo mengi ambayo mnywaji hayaonji. Jina la eneo maarufu hulipiwa, na chupa nzito ya kioo kinene hulipiwa pia. Pipa jipya la mwaloni wa Kifaransa la lita 225 hujaza chupa 300 tu, na gharama yake hugawanywa katika chupa hizo. Linaupa mvinyo harufu ya vanila na moshi, lakini asiyezipenda harufu hizo amenunua kasoro kwa fedha nyingi. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, waonjaji wa Kifaransa waliofichwa majina ya chupa waliipa nafasi ya kwanza Cabernet Sauvignon (mvinyo mwekundu wa zabibu ya jina hilo) ya mwaka 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars kutoka California, mbele ya mivinyo ya Bordeaux, eneo maarufu la Ufaransa, waliyoizoea maisha yao yote. Mwaka 2008, mtafiti Robin Goldstein na wenzake walichapisha uchambuzi wa maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa bila kujua bei, na ukaonyesha kwamba watu wasio na mafunzo ya uonjaji waliifurahia mivinyo ghali kwa kiwango pungufu kidogo kuliko ile nafuu.

Sisemi kwamba chupa ya bei ya chini kabisa ndiyo ya kununua. Ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini Tanzania hutozwa kwa lita, si kwa thamani, na chupa tupu, kizibo na usafiri havipungui sana kwa kuwa mvinyo ni hafifu. Kwa hiyo katika chupa ya bei ya chini kabisa kinachobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo mno. Ukipanda rafu moja, sehemu kubwa ya nyongeza huingia kwenye mvinyo, ilhali ukipanda rafu nne unalipia jina na pipa. Ndiyo maana ninawaelekeza wateja kwenye rafu ya pili kutoka chini, na kwenye mitindo isiyohitaji pipa kabisa. Chenin Blanc ya Afrika Kusini, nchi yenye mashamba mengi ya zabibu hiyo kuliko Ufaransa ilikotoka, ina uchachu safi unaokata mafuta ya tui katika samaki wa kupaka. Anayetaka kitu chepesi kwa mchana wa joto achukue Vinho Verde ya Ureno, na wa nyama choma achukue Malbec nyekundu ya Mendoza, Argentina, iliyo changa. Wanaoidharau Dodoma wajue kwamba zabibu zake huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru wa chini sana kuliko ule ulioagizwa. Ule mweupe mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, ukipozwa vizuri, hauna sababu ya kuombewa radhi. Asiyeniamini azifunge chupa tatu kwa gazeti, awamiminie wageni wake, kisha awaulize ipi iongezwe.

Wapo pia wanaotafuta chupa yenye vumbi, wakidhani kwamba kila mvinyo hunoga kwa kukaa. Mivinyo mingi ya bei nafuu hutengenezwa ili inywewe ndani ya miaka miwili au mitatu, na chupa iliyosimama miaka mitano kwenye rafu ya Dar es Salaam, katika joto la nyuzi 30, haijakomaa bali imeiva kwa moto.

Joto hilo hilo linaikosoa kanuni kwamba mvinyo mwekundu hunywewa bila kupozwa. Kanuni hiyo ilizaliwa katika nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Hapa kwetu uwekwe kwenye jokofu kwa nusu saa, na mabishano yaishe.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Wazalishaji wa Clare Valley, Australia, walikichagua mwaka 2000 kwa Riesling zao nzuri, ambazo ni mivinyo meupe, kwa sababu vizibo vya gome la mti vilikuwa vikiharibu chupa kwa harufu ya ukungu.

Na kamati za harusi zifahamu kwamba si kila kinachotoa povu ni shampeni. Jina hilo ni la eneo la Champagne, na sehemu kubwa ya bei yake inatokana na jina hilo. Cava ya Hispania na Cap Classique ya Afrika Kusini hupata povu lake kwa njia ile ile ya kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, na kwa bajeti ya meza moja ya wageni mashuhuri zingetosha meza kadhaa.