Msuko wa asilimia 95 hauzuii asilimia 95 ya mawimbi

Dhana: Multimeta (kifaa cha kupimia umeme) ikilia, kinga ya waya wa dishi, yaani msuko wa nyuzi za metali ulio chini ya ganda lake, ni nzima.

Ukweli: Imekuambia tu kwamba kinga haijakatika. Multimeta hutumia umeme wa DC, usiobadili mwelekeo, na DC haijali vitobo vya msuko. Kinachovuja ni mawimbi ya redio. Waya wa kutoka LNB (kile kipokezi kilicho mbele ya dishi) hadi king'amuzi hubeba masafa ya MHz 950 hadi 2150, na mtandao wa simu wa MHz 1800 umo humo humo.

Kipimo chenyewe cha uvujaji hufanywa hivi: waya hupitishwa ndani ya bomba la chuma, ukapelekewa mawimbi upande mmoja, na upande wa pili ukafungwa kwa kizuizi cha ohm 75. Kisha kipokezi husoma kilichovuja kati ya kinga na bomba. Chini ya MHz 30 jibu hutolewa kwa miliohm kwa mita, na kadiri linavyokuwa dogo ndivyo kinga ilivyo bora. Juu ya hapo ni desibeli, kizio kinachoonyesha mawimbi yamepunguzwa kiasi gani, na hapo kubwa ndiyo bora.

Dhana: Msuko wa asilimia 95 huzuia asilimia 95 ya mawimbi.

Ukweli: Hiyo ni sehemu iliyofunikwa na nyuzi, basi. Chuna ganda la RG-58, waya wenye msuko tu, sogeza macho karibu: utaona vitobo kama almasi pale nyuzi zinapopishana. Masafa yakipanda, uvujaji wa hapo nao hupanda. Ndiyo maana RG-6, waya wa kawaida wa dishi, yenye msuko wa asilimia 60 tu, ila chini yake kuna karatasi ya alumini, huishinda kwa mbali kwenye mamia ya megahezi. Wauzaji wangeacha kutuimbia asilimia wakaandika desibeli kwenye boksi, tungenunua kwa akili.

Dhana: Desibeli 85 na 95 ni karibu sawa.

Ukweli: Desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kiwango cha Ulaya cha EN 50117, kati ya MHz 30 na 1000, hudai desibeli 85 kwa daraja A na 105 kwa A++. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ni uvujaji pungufu mara mia.

Dhana: Ukinunua A++ umemaliza.

Ukweli: Angalia konekta. Ile ya kuzungusha kwa mkono hukamata nyuzi chache za msuko, nyingine zikabaki zimekunjwa nje, na mawimbi huingilia hapo hapo. Tumia ya kubana kwa koleo lake.