Kujitathmini hakufanyiwi

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kulijua: "Seminari yetu itafanyiwa tathmini binafsi mwezi ujao, tukipita tutapewa ithibati mpya." Niliitikia kwa kichwa kwa sababu kikao kilikuwa kinaendelea. Lakini sentensi ile ina makosa manne, na kila kosa linaiharibu kazi yenyewe kabla haijaanza.

Maana kwanza, kwa ufupi. Kujitathmini ni kazi ambayo seminari inaifanya yenyewe kabla muda wa ithibati yake, yaani uthibitisho kwamba inafikia viwango, haujaisha; mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu au miwili. Inajipima kwa ushahidi: je, inatimiza dhamira iliyoitangaza, na je, inafikia viwango vya chombo kinachotoa ithibati? Matokeo huandikwa katika ripoti. Ripoti husomwa na timu ya watu wa seminari nyingine, timu huja kwa siku chache kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyopo, kisha chombo cha ithibati huamua.

Sasa turudi kwenye neno. Tathmini tumeipata kutoka Kiarabu, na ndugu zake tunaishi nao kila siku: thamani, thamini, mthamini wa mali. Mzizi wake unahusu bei. Kutathmini ni kusema kitu kina thamani gani, na huwezi kusema thamani ya kitu bila kujua kinatakiwa kufanya nini. Ndiyo maana kazi hii huanza na dhamira ya seminari, haianzi na idadi ya madawati. Seminari inayosema inaandaa wachungaji wa vijijini hupimwa kwa wachungaji wa vijijini. Kama mtaala wake wote umeelekea kwenye utafiti wa lugha za kale, hiyo ndiyo habari ya kwanza ambayo ripoti inapaswa kuitoa, hata kama wahadhiri wa lugha hizo ni hodari kuliko wote.

Kisha kuna hiyo "ji". Kiungo kidogo sana, lakini mzigo wote uko juu yake. Anayejikata amekata na amekatwa; anayejitathmini ndiye mpimaji na ndiye anayepimwa. Kwa hiyo "kufanyiwa kujitathmini" ni sentensi inayojipinga yenyewe, kama kufanyiwa kujiosha. Kinachofanywa na wengine kina jina lake, ukaguzi. Afisa akikagua gwaride, anatafuta kifungo kilicholegea. Askari hatakiwi kusema lolote kuhusu kifungo chake. Katika kujitathmini ni kinyume kabisa. Anayetakiwa kukisema kifungo kilicholegea ni mwenye shati, akisema pia kimelegea tangu lini na atakishona lini.

Na "binafsi"? Najua "tathmini binafsi" imeshazoeleka, na sitagombana na kila anayeitumia. Lakini binafsi hutupeleka kwa mtu mmoja: mali binafsi, maoni binafsi. Mhadhiri akisikia tathmini binafsi anafikiria fomu yake ya utendaji wa mwaka. Anaijaza vizuri, anairudisha, anaona amemaliza. Kumbe anachoitiwa ni kukaa na wenzake, mkutubi, mhasibu, walezi, wajumbe wa bodi na wanafunzi, waulizane maswali ambayo hakuna hata mmoja wao anayeweza kuyajibu peke yake. Kati ya walioingia mwaka wa kwanza, wangapi walimaliza? Waliomaliza wako wapi? Je, bodi iliwahi kubadili uamuzi wowote kwa sababu ya takwimu hizo, au zilisomwa tu na kuwekwa kwenye kumbukumbu? Nafsi moja haitoshi kwa kazi hii.

Kwa watu wa kanisa kuna mtego mwingine ambao sijauona kwingine. Tumezoea kuchunguza dhamiri, kwa hiyo tukiambiwa tujitathmini tunaingia kwenye toba. Nimesoma rasimu iliyojaa maungamo: hatukuomba vya kutosha, hatukupendana vya kutosha. Maneno ya kweli, pengine, lakini timu itakayosoma haina cha kufanya nayo. Wengine huangukia upande wa pili, wakaandika ushuhuda: wahitimu wetu wanakua kiroho, tunamshukuru Mungu. Wanakuaje? Nani aliona? Hapa ndipo seminari inapopata tabu kuliko chuo cha uhasibu, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni malezi. Papa Yohane Paulo II aliyataja maeneo manne ya malezi ya mapadre mwaka 1992, yaani utu, roho, akili na uchungaji, na mtihani wa karatasi hugusa moja tu kwa urahisi. Hayo mengine yana ushahidi wake pia. Mahubiri ya mwanafunzi yuleyule, mwaka wa kwanza na wa mwisho, yakipimwa kwa vigezo vilevile. Maoni ya mchungaji aliyemsimamia kwenye mazoezi. Maoni ya usharika uliompokea miaka mitatu baada ya kuhitimu. Seminari, kwa Kilatini, ni kitalu cha miche. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulilichukua neno hilo mwaka 1563 ulipoagiza maaskofu waanzishe nyumba za kuwalea watumishi. Kitalu hakipimwi kwa uzuri wa uzio wake. Unakwenda shambani kuangalia kama miche ilishika.

Kuhusu "mwezi ujao" sina mengi. Kinachokuja mwezi ujao ni wageni. Kama kujitathmini kunaanza siku moja na wao, basi hakujafanyika, na kinachopakwa rangi wiki hiyo ni ukuta tu.

Ithibati nayo imeonewa. Inatoka familia moja na thabiti na thibitisha: ni uthibitisho, ushahidi kwamba jambo linasimama imara. Haifanani na usajili, ambao ni ruhusa ya kuwapo, na wala hailingani na cheti cha kutundika ofisini, kwa sababu ina mwisho. Chama cha shule za theolojia cha Marekani na Kanada, kilichoanza kama mkutano mwaka 1918 na kutoa orodha yake ya kwanza ya shule zenye ithibati mwaka 1938, hakitoi zaidi ya miaka 10 kwa mara moja. Viwango vyake kumi, vilivyopitishwa mwaka 2020, vinakitenga kimoja kizima kwa ajili ya mipango na tathmini. Yaani namna seminari inavyojipima ni mojawapo ya mambo yanayopimwa.

Muda ukiisha, ithibati inahuishwa. Nalipenda neno hili, kuhuisha, kwa sababu ndani yake kuna uhai. Kilekile kilichokuwapo kinarudishiwa uhai, hakiletwi kingine. Anayesema "ithibati mpya" huandika ripoti kana kwamba seminari imezaliwa jana: ana majengo haya, wahadhiri hawa, vitabu hivi. Hayo yaliulizwa mara ya kwanza. Mara ya pili swali limebadilika: tulipokutembelea tulikuta udhaifu huu na huu, wewe mwenyewe uliukiri, je, uliufanyia nini, na umejuaje kwamba ulichofanya kimesaidia? Ripoti inayosema "tulijaribu hivi, haikufaulu, tukabadili" ina nguvu kuliko kurasa mia mbili za sifa, maana wanaokuja nao wanaendesha seminari. Wanajua kitalu kisicho na mche hata mmoja ulionyauka hakipo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kile kikao, nakuomba wakati mwingine useme hivi: "Tunajitathmini tangu mwaka jana, na mwezi ujao wenzetu watakuja kusoma tulichokiona, ili ithibati yetu ihuishwe." Kupita hakumo kwenye sentensi hiyo.