Figo husafisha, hazisafishwi

Wiki iliyopita aliingia kliniki mzee mmoja na chupa yake ya lita mbili. Ameichora mistari kwa kalamu ya wino: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Ikiisha anaijaza tena. Miguu imevimba, soksi zimemwachia alama kama pete juu ya vifundo. Ana kisukari cha siku nyingi na presha. Kipimo cha uchujaji wa figo, ambacho hushuka figo zikidhoofika, kilikuwa 34 miezi sita nyuma, sasa kinasoma 27. Akaniuliza kwa uchungu kabisa: "Daktari, figo zinashukaje wakati nazisafisha kila siku?"

(Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari. Kusahihisha hilo nilishaacha.)

Huyo alikuwa wa tano wiki hiyo. Basi leo naandika, ili wa sita nimtumie tu hii asome.

Kwanza nikiri kwamba nusu ya kosa ni letu. Ni sisi wa hospitali tuliozoea kusema dayalisisi ni kusafisha damu, na kwa uvivu wa ulimi tukaishia kusema "fulani anasafishwa figo". Mtu akisikia figo inasafishwa, anaona chujio la chai lililoziba majani: liweke chini ya bomba, fungulia maji kwa nguvu, linarudi kama jipya. Hapo hata mimi ningenunua chupa kubwa.

Ila figo hazifanyi kazi hivyo. Kwa siku moja figo mbili zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi, mbili ukinywa sana. Kwa hiyo karibu yote iliyochujwa inarudishwa mwilini, na ni kwenye kurudisha huko ndiko maji unayokunywa yanapoamuliwa. Ukinywa kidogo, homoni kutoka ubongoni inaiambia figo ibane, mkojo unakuwa mzito. Ukinywa mengi, homoni inashuka, maji yanaachiwa yapite. Taka ni zilezile, zimeongezewa maji tu. Ukishusha lita tatu za ziada kooni, huoshi kitu chochote kule ndani. Unaipa figo kazi ya kutoa lita tatu ambazo hazikuwa na haja ya kuingia.

Ndiyo maana hoja ya "mkojo wangu mweupe kabisa, kwa hiyo figo ziko safi" inanitoa jasho. Rangi ya mkojo inakueleza umekunywa kiasi gani asubuhi. Figo zinazokaribia kufa nazo hutoa mkojo mweupe, tena mweupe sana, kwa sababu zimeshapoteza uwezo wa kuukoleza. Ukitaka kuchungulia chooni, tafuta mapovu yasiyoisha, yale ya kama umemwaga sabuni. Hiyo inaweza kuwa protini inayovuja, nenda kapime albumini, yaani protini hiyo, kwenye mkojo. Na usingoje kusikia maumivu ya kiuno. Ugonjwa sugu wa figo hauumi mpaka umefika mbali.

Swali la kama maji ya ziada yanalinda figo limeshajaribiwa na watu, halijaachwa kwenye mabishano. Kanada waliwachukua wagonjwa 631 wa hatua ya tatu kati ya tano za ugonjwa sugu wa figo, nusu wakafundishwa kuongeza lita moja hadi moja na nusu kwa siku, nusu wakaendelea na mazoea yao. Matokeo yalitoka 2018. Baada ya mwaka mmoja, walioongeza maji walikuwa wameshuka pointi 2.2 kwenye kipimo cha uchujaji, wenzao 1.9. Yaani hakuna tofauti ya maana. Sasa, nisijifanye hakimu: mwaka mmoja ni mfupi kwa ugonjwa unaotembea kwa miongo, na mkojo wa walioongeza maji ulipanda kwa nusu lita na ushee tu, kwa hiyo huenda hawakunywa walichoambiwa. Mtu akinibana hapo nitakubali kwamba mlango haujafungwa kabisa. Lakini kutoka "mlango haujafungwa kabisa" hadi "maji ni dawa ya figo" ni safari ndefu.

Najua imani hii ilikotoka: kwenye mawe. Kwa mtu aliyewahi kupata mawe ya figo, maji kweli ni kinga. Waitaliano walionyesha 1996, kwa kuwafuatilia watu kwa miaka mitano: walioelekezwa kunywa hadi watoe mkojo wa lita mbili au zaidi kwa siku, mawe yaliwarudia 12 katika kila 100, wengine, 27. Nusu nzima imeondoka. Basi shangazi mwenye mawe akaambiwa anywe maji, akapona, akamwambia jirani mwenye kisukari. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Jiwe ni chumvichumvi zilizoganda kwenye mkojo mzito, na ukiupunguza uzito hazigandi. Figo ya mgonjwa wa kisukari imepata makovu kwenye vichujio vyenyewe. Kovu halioshwi.

Upande wa pili nao nauogopa kuusema vibaya. Sisemi watu wakae na kiu. Ukitapika na kuharisha siku mbili bila kurudisha maji, figo zinaweza kuumia kwa saa chache, hasa kama unameza dawa za maumivu juu yake. Na Amerika ya Kati kuna wakata miwa wengi, vijana, wasio na kisukari wala presha, ambao figo zao zinakufa. Joto na kukaukiwa maji kila siku ni washukiwa wakuu, ila hakuna aliyeifunga kesi hiyo. Kwa hiyo kiu isikilize, na jua kali liheshimu. Ninachogombana nacho ni ile lita ya tatu na ya nne inayonywewa kama dawa, na mtu ambaye miguu yake tayari imejaa maji.

Kwa sababu huko mwishoni, hatua ya nne na ya tano, figo huenda zisiweze kuyatoa. Yanapanda miguuni, yanapanda kwenye mapafu, mtu analala ameketi. Au sodiamu ya damu inashuka mpaka anachanganyikiwa.

Na chupa ina dada yake: mizizi na majani ya "kusafisha figo". Kwa hili ninakuwa mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba. Mahali pa mmea mmoja pakawa pamewekwa kimakosa mwingine wenye asidi ya aristoloki, sumu ya figo. Wengi wa waliodhurika figo zilikufa kabisa, na baadaye baadhi wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Mmea ulikuwa wa asili. Sumu nayo ni ya asili.

Haya, kinachoziumiza figo kupitia sahani ni nini? Zaidi ya yote sukari ya damu isiyodhibitiwa na presha, na presha inakula chumvi. Gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ndiyo dari, na humo imo chumvi ya mkate, ya sosi, ya soseji, ya vidonge vya mchuzi. Ukizidisha, hata dawa za presha zinazolinda figo zinapungua makali. Na tafadhali, chumvi mbichi na chumvi iliyopikwa ni sodiamu ileile. Moto hauigeuzi kuwa kitu kingine. Ile ya madukani iliyochanganywa na potasiamu ni nzuri kwa wengi, lakini kwa figo zilizoshuka sana inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Protini? Hapa ndipo ninapojikuna kichwa. Kwa wagonjwa wa hatua ya tatu hadi ya tano wasio kwenye dayalisisi tunashauri gramu 0.8 hivi kwa kila kilo ya uzito. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1994 ulitarajiwa kumaliza ubishi, ukatuachia jibu la shingo upande: kupunguza protini kulisaidia kidogo au hakukusaidia, kutegemea unavyosoma majedwali. Mimi nimeona madhara zaidi kwa wazee waliokatazwa nyama, mayai na maharage kwa mpigo, wakabaki ngozi na mifupa, kuliko kwa waliozidisha kidogo. Vilevile matunda: tuliwakataza watu ndizi na machungwa kwa miaka, kwa jumla jumla, kisa potasiamu. Siku hizi naangalia kwanza majibu ya damu, na mara nyingi naishia kumrudishia mtu tunda lake. Je, tuliwakosea wale wa zamani? Nadhani baadhi yao, ndiyo.

Turudi kwa mzee. Nilimwambia anywe kwa kiu. Akaitazama chupa yake, mistari yote ile. "Sasa hii niifanyie nini?" Nikamwambia aitafutie mwenzake, akusanye mkojo wa saa 24 atuletee. Alileta chupa mbili zimejaa. Sodiamu ikasoma milimoli 210, ambayo ni kama gramu 12 za chumvi kwa siku. Akaapa kwamba mezani hagusi chumvi, na ninamwamini. Tukakaa tukaanza kuhesabu mkate.